Shati au Bahati

Majirani walidhani Sikio ameota jeuri uzeeni. Ukimsalimu mlangoni, alikupita kama hakuoni. Ukimwambia mvua inakuja, alikujibu kwamba chai ameshakunywa, asante. Watoto wa ghorofa ya chini walianza kumwigiza, na mama zao waliwakemea huku wanacheka chini chini. Mkewe, Bi Chapa, ndiye peke yake aliyejua kwamba haikuwa jeuri. Masikio ya mumewe yalikuwa yanakufa, taratibu, na mwenyewe hakutaka ijulikane.

Mtu mwingine angesema tu, watu wakampa pole na kupaza sauti, maisha yakaendelea. Lakini huyu alikuwa Sikio. Jina hilo alilipata ujanani, katika jarida la muziki lililoitwa Mwangwi, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kila santuri mpya ilipotoka, Sikio alivaa hedifoni, akaweka sindano, akachota maneno ya wimbo mstari baada ya mstari, nayo yakachapwa kwenye ukurasa wa katikati ili nchi nzima iimbe bila kubabaisha. Watu walisema anasikia mpaka mwimbaji anapomeza mate. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kwamba hasikii kengele ya mlango?

Kwa hiyo Bi Chapa hakumwambia. Alichofanya ni kuhamisha kiti chake mezani, akawa anakaa uso kwa uso naye, anatamka kila neno kwa midomo iliyokunjuka. Sikio hakuuliza kwa nini kiti kimehama. Kila mmoja alimficha mwenzake kile ambacho wote wawili walikijua, na nyumba ikaendelea hivyo.

Binti yao ndiye aliyeivuruga amani hiyo, na aliivuruga kwa habari njema. Alikuwa fundi cherehani, anashonea pale pale sebuleni, na kwa kweli ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba. Mwangwi lilikuwa limekufa zamani. Kibanda cha Bi Chapa cha kupiga chapa barua na mikataba nacho kilikuwa kinakata roho, maana siku hizi kila mtu anajiandikia kwenye simu yake. Kula jasho la mtoto kulimkereketa Sikio kooni, ingawa alijifanya hajali.

"Baba, nina mteja mmoja, meneja," binti alisema huku anakata uzi kwa meno. "Kampuni yao inaandika maneno ya nyimbo za zamani. Ukicheza wimbo kwenye simu, maneno yanapita hapo chini. Wanatafuta watu wanaozijua."

"Wanaozipika?" Sikio aliuliza.

"Wanaozijua, baba! Nikamwambia nyumbani kwetu kuna Sikio wa Mwangwi. Akaruka!"

Bi Chapa aliweka kijiko chini, akamkabili mumewe. "Wanakutaka kazini. Kazi yako ile ile. Nyimbo."

Uso wa Sikio ulichanua. Bi Chapa alikuwa hajauona uso huo tangu jarida lilipofungwa. Mzee aliinuka, akaenda kutafuta kitana, halafu akarudi mlangoni akiwa nacho mkononi na kuuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana ana hamu: "Lini?"

"Watakupa jaribio kidogo," binti alisema, kichwa chini, mguu kwenye cherehani.

Jaribio. Sikio hakulisikia neno hilo, lakini Bi Chapa alilisikia. Angemzuia vipi? Angesema nini, mbele ya mtoto, ambacho kisingemvua nguo? Alijiambia kwamba Mungu si Athumani, atawapitisha.

*

Siku ya jaribio alimpigia pasi shati jeupe, na mkono ulipokuwa unapita kwenye kola mawazo yake yalikwenda Mwangwi.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la vioo. Siku ya toleo jipya wauza magazeti walijaa kwenye ngazi tangu alfajiri, wanasukumana, wanatukanana, na mhariri, mwenye mkono wa birika kuliko wote aliowahi kuwaona, alitoka nje kugawa mafungu mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Wasichana walikata picha za jalada wakazibandika ndani ya vifuniko vya masanduku yao. Vijana walikariri ukurasa wa katikati kama mtihani wa taifa. Barua za wasomaji zilikuja kwa magunia. Mmoja alitaka kujua mpiga gita fulani anavaa viatu saizi gani, na jarida lilimtafuta mpiga gita likamuuliza.

Yeye Bi Chapa alikuwa mpiga chapa. Meza yake ilikabiliana na ya Sikio, na kwa kuwa hedifoni zilikuwa jozi moja tu, yeye hakusikia wimbo wowote. Alimsikia Sikio. Kijana yule alifumba macho, akasikiliza, akainua sindano, akatamka: "Umeniacha njia panda." Naye akapiga: umeniacha njia panda. "Usiku silali." Usiku silali. Hebu fikiria, msichana wa watu anakaa kutwa nzima anaambiwa maneno kama hayo na kijana mwenye sauti nzuri, na anatakiwa asikosee herufi! Nyimbo zote za enzi ile kwake zilikuwa na sauti ya Sikio. Hata leo redio ikipiga, anaona mwimbaji ndiye anayeiga.

Halafu likaja kosa la bahati. Kila mtu wa rika lao anaujua wimbo ule, umeimbwa kwenye harusi mpaka ukachakaa: *Nirudishie bahati, nirudishie bahati, uliyoondoka nayo.* Siku ile Sikio alifumbua macho, akamtazama, akatamka hivyo. Bi Chapa akauliza, "Bahati?" Akajibiwa, "We andika tu." Akaandika.

Jarida lilipotoka, mwimbaji alipanda ngazi za ofisi akitoa povu. "Bahati gani? Mimi nimeimba shati! Shati langu, la mikono mirefu! Niliacha kwa yule mwanamke na mpaka leo hajanirudishia!" Mhariri alicheka mpaka akashika ukuta. Ikaonekana ngoma ilipiga "ba" juu ya neno, na Sikio kwa mara ya kwanza maishani akasikia vibaya. Mhariri aliahidi kusahihisha toleo lijalo. Kabla toleo lijalo halijatoka, nchi nzima ilikuwa inaimba bahati, mabwana harusi wanatoa machozi, na mwimbaji mwenyewe akarudi kimya kimya na kreti ya soda. Jukwaani naye akawa anaimba bahati. Shati likabaki kwenye santuri tu, chini ya ngoma, na ofisini Sikio akataniwa miaka yote iliyofuata. Kila alipotamka neno, mtu alidakia, "Una hakika si shati?" Yeye alicheka tu.

Baada ya hapo zilikuja kanda, watu wakarudia rudia wimbo hadi wakayapata maneno wenyewe. Zikaja redio za mjini zinazoongea kutwa. Jarida likakonda. Jalada la rangi likawa la rangi moja, picha zikawa za kuazima, wauza magazeti wakaacha kuja mpaka waitwe. Toleo la mwisho halikuwa na ukurasa wa katikati kabisa, pale palikuwa na tangazo la magodoro. Sikio alilifungua, akalitazama lile godoro, akalikunja jarida vizuri na kwenda nyumbani. Wala hakulalamika. Bi Chapa angependa alalamike.

"Shati limeiva," alimwambia mumewe, akamgeukia ili amwone vizuri. "Vaa twende."

"Twende? Wewe unaenda wapi?"

"Kukusindikiza. Kwani mke hasindikizi?"

*

Ofisi za kampuni zilikuwa za kuta za vioo, vijana wamekaa safu safu mbele ya kompyuta, kila mmoja na hedifoni yake. Bi Chapa aliziona zile hedifoni akaona maajabu. Meneja alikuwa dada mchangamfu, kavaa sketi aliyoshonewa na binti yao, lakini alikuwa na tabia ya kuongea huku anatazama kwingine.

"Mzee, ulianza lini kazi Mwangwi?"

Bi Chapa alidakia, amemkazia mumewe macho: "Anakuuliza ulianza lini Mwangwi."

"Ah! Nilianza nikiwa kijana sijaota ndevu."

"Na mlikuwa mnapataje santuri?"

"Anakuuliza santuri mlipataje."

Meneja alitabasamu kwa adabu. "Mama, samahani. Mwache mzee ajibu mwenyewe. Kuna benchi pale nje, utaletewa maji."

Ndivyo alivyotolewa. Alikaa kwenye benchi upande wa pili wa kioo, mkoba mapajani, akaona kila kitu na hakusikia kitu. Alimwona meneja akiuliza, ametazama makaratasi yake. Alimwona Sikio akitabasamu na kujibu jambo refu. Alimwona meneja akishangaa, akiuliza tena, na vijana wawili wa meza ya jirani wakigeuka, mmoja akiuma midomo asicheke. Bi Chapa alitamani kioo kipasuke. Wakati huo huo alifikiria kwamba labda hivi ndivyo mumewe anavyoishi sasa, watu wanafungua midomo na hakuna kinachotoka.

Kisha Sikio akavishwa hedifoni, na wimbo wa jaribio ukaanza. Alifumba macho, kama zamani. Bi Chapa alimjua, aliona kidole kikitafuta mezani, kimepotea. Sauti nyembamba zote zilishamtoka mzee yule, waimbaji, vinanda na tarumbeta, hakubakiwa na kitu ila mshindo wa ngoma. Kidole kilipapasa. Kikatulia. Kikaanza kupiga meza, kwanza kwa wasiwasi, halafu kwa uhakika, na Sikio akafumbua macho, akavuta kibodi ya kompyuta na kuanza kuandika kwa vidole viwili. Hakusimama. Aliandika mpaka mwisho, kabla wimbo wenyewe haujaisha.

Bi Chapa alishusha pumzi. Ameutambua kwa ngoma! Alitaka kusimama awaambie wale vijana wacheke tena.

Lakini meneja alipotazama kioo cha kompyuta yake uso ulimshuka. Akamwita kwa mkono.

"Mama, njoo uone. Mzee kaandika vizuri sana, tena haraka, sijawahi kuona. Ila mashine imemwangusha. Beti zote sawa, kiitikio chote kimekosewa. Na kiitikio kinarudiwa mno."

Kwenye kioo maneno ya wimbo yalikuwa yamepangwa safi, na kila penye kiitikio paliwaka wekundu. *Nirudishie shati. Nirudishie shati.*

Bi Chapa alisoma mara mbili. Maisha yake yote na mtu huyu alijua kwamba alisikia bahati. Alitaniwa kwa hilo harusini kwao. Sasa masikio yameondoka na ndipo anaandika shati?

"Hebu niwekee hiyo," alisema, akaivaa hedifoni bila kungoja ruhusa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuusikia wimbo kama Sikio alivyousikia siku ile, masikioni kabisa, bila harusi wala vigelegele. Ngoma ilikuwepo, kweli, lakini haikuficha kitu. Mwanamume alikuwa anadai shati. Kila herufi ilisikika.

"Ni shati," alisema.

Meneja alisikiliza naye, akakunja uso, akasikiliza tena. "Yarabi! Kweli shati. Lakini mama, sisi majibu hatukutunga. Tumechukua kwenye chanzo." Akafungua picha ya karatasi iliyogeuka manjano. Bi Chapa aliitambua kabla hajasoma. Ilikuwa ukurasa wa katikati, kazi ya vidole vyake mwenyewe, na chini kwa herufi ndogo: *Maneno yamesikilizwa na Sikio.*

"Huyo Sikio ndiye huyu hapa!" Bi Chapa alisema. "Mnamwangusha kwa maneno yake mwenyewe!"

Vijana wakavua hedifoni, wakasogea. Meneja akamgeukia mzee, huku anaitazama ile picha. "Sasa mzee, tuambie wewe. Tuweke shati au tuweke bahati?"

Sikio aliona watu wote wanamngoja. Akajiweka sawa kwenye kiti na kutabasamu kwa heshima.

"Hapana mwanangu, asante. Maji yananitosha."

Kicheko kililipuka. Hakikuwa kicheko kibaya, vijana walidhani mzee ni mcheshi, lakini kilimchoma Bi Chapa mpaka kwenye mfupa. Kabla hajajizuia alikuwa ameshasema, tena kwa sauti ya kumfokea mtu sokoni:

"Msimcheke! Hasikii! Mume wangu hasikii!"

Na Sikio, aliyekuwa amemgeukia mkewe kama alivyozoea kugeuka anapopotea, aliyasoma maneno hayo yote kwenye midomo yake, moja baada ya lingine. Alivua hedifoni, akaiweka mezani polepole, akafunga kifungo cha juu cha shati lake. Halafu akatoka.

*

Njia nzima alitangulia mbele, mikono nyuma, na hakugeuka. Bi Chapa alimfuata akijilaumu. Kuita ilikuwa kazi bure, asingesikia, na kumkimbilia aliona haya. Alijiona amemvua mumewe nguo hadharani, yeye aliyekuwa anamsitiri.

Walipofika, binti aliinua kichwa kwenye cherehani, akaona nyuso zao, akakumbuka ghafla kwamba anahitaji vifungo dukani. Sikio alikaa mezani. Bi Chapa alikaa kwenye kiti chake kilichohama.

"Tangu lini umejua?" Sikio aliuliza.

"Tangu ulipoacha kugombana na jirani kwa redio yake."

Mzee alitaka kununa, lakini kona ya mdomo ilimsaliti. "Redio ile ilikuwa inanitesa," alisema. "Mwenyezi Mungu akanisaidia kupita kiasi."

"Nisamehe. Nimekuaibisha."

"Uliniaibisha, ndiyo. Lakini nimechoka kukisia. Kutwa nzima nakisia. Mtu ananiambia jambo, nachagua jibu kama anayecheza bahati nasibu."

Neno hilo lilimkumbusha Bi Chapa kilichomkaa rohoni. Aliinama mbele, akatamka vizuri. "Leo nimeusikiliza ule wimbo. Hakuna ngoma inayoficha neno pale. Mtoto mdogo angesikia shati. Niambie kweli. Siku ile ulisikia nini?"

Sikio alitazama mikono yake.

"Shati," alisema. "Nililisikia mpaka vifungo vyake."

"Sasa bahati ilitoka wapi?"

"Nilifumbua macho ukawa umeinua uso, vidole juu ya mashine, unangoja neno." Alikohoa, mzee mzima, kama kijana aliyefumaniwa. "Miezi yote ile nilikuwa nakwambia maneno ya watu wengine. Hilo moja lilikuwa langu. Ungeniuliza mara ya pili ningesema shati. Hukuuliza. Ukaandika."

"Uliniambia niandike!"

"Basi ukaandika. Likachapwa. Nifanye nini? Ningesema nimesikia vizuri ila nimepotoka kwa ajili ya mpiga chapa, mhariri angenifukuza siku hiyo hiyo. Nikakubali kwamba nimesikia vibaya."

"Wamekucheka maisha yako yote kwa hilo."

"Wacheke. Si nilikupata?"

Bi Chapa alilia, wala hakujificha. Alilia kwa msichana yule aliyepiga neno bila kujua kwamba anaambiwa yeye, na kwa masikio yale mazuri yaliyovumilia kuitwa mabovu. "Na leo," alisema alipopata sauti, "leo kwa nini hukuandika bahati ukafaulu?"

"Leo nilikuwa kazini," Sikio alisema. "Siku ile sikuwa kazini."

*

Baada ya siku chache meneja alikuja kupima gauni, akakaa kuliko gauni lilivyohitaji. Aliongea akimtazama mzee usoni, ni wazi binti yao alishamfunza. Kiitikio wamekiacha bahati, alisema, maana walipoweka shati watu walileta malalamiko kwa fujo, wakidai kampuni imewaharibia harusi zao. Lakini anamtaka mama kwa masikio, na mzee kwa kuwa anazijua. Malipo ni ya mtu mmoja, akaongeza kwa haya, kwa sababu mashine inaona kwamba kazi ni ya mtu mmoja.

"Tumezoea," alisema Sikio. "Hedifoni nazo ni jozi moja."

Wakawekewa kompyuta kwenye ncha ya meza, mbali na vipande vya vitambaa. Bi Chapa alivaa hedifoni, Sikio akakaa mbele ya herufi na vidole vyake viwili. Kazi ya zamani ikawa imepinduka. Mke alisikiliza, akasimamisha wimbo, akatamka. Mume alimtazama midomo, akaandika. Kwenye cherehani binti alijifanya hawaoni.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa safari, wa polepole, mmojawapo wa zile ambazo vijana wa zamani walikuwa wanazikariri huku wamekaa kwenye ngazi za ofisi. Mwimbaji aliingia mstari wa mwisho. Bi Chapa aliusikia vizuri kabisa: *ukienda, uniage.* Alisimamisha wimbo. Alimtazama mumewe, kichwa cheupe kimeinuka, vidole viwili juu ya herufi, anangoja neno.

"Ukienda, nichukue," alitamka.

Sikio aliandika "ukienda", kisha vidole vikasita. Wimbo ule aliujua kama jina lake.

"Nichukue?" aliuliza. "Pale mbona aliimba..."

"We andika tu," alisema Bi Chapa.